Tarehe Zimepita, Dunia Ingalipo

Kuna swali ambalo halikosi katika vikao vyetu. Haliulizwi wakati wa neno, mbele ya mchungaji. Huulizwa baadaye, vikombe vya chai vinapokusanywa: "Mama, umesikia ile tarehe?" Na anayeuliza huuliza kwa sauti ya chini, nusu anacheka, nusu anaogopa.

Mwezi Septemba 2025 swali hilo lilivuma kila mahali. Mtu mmoja wa Afrika Kusini, Joshua Mhlakela, alisema katika mahojiano ya video kwamba Bwana Yesu alimtokea na kumwambia kuwa atakuja tarehe 23 na 24 za mwezi huo. Video hiyo ilipita kwenye simu za watu katika nchi nyingi, na vyombo vya habari viliandika juu ya watu waliouza magari na kuacha kazi. Tarehe zikapita. Ikaelezwa kwamba kalenda iliyotumika haikuwa yenyewe, ikatajwa tarehe nyingine ya Oktoba, nayo ikapita. Watoto wakaenda shule kama kawaida.

Kabla sijaendelea niseme wazi, asije mtu akadhani nimeandika kuwacheka wanaomngoja Bwana. Kurudi kwake tunakukiri kila Jumapili katika Imani ya Mitume, na mimi nakukiri kwa moyo wote. Ninachozungumzia hapa ni tarehe. Kumngoja Bwana ni jambo moja, kumpangia siku ni jingine kabisa, na ni hili la pili ambalo limewaliza wanawake wengi na kuwazika watoto wengi, hata katika nchi zetu hizi.

SI JAMBO LA JUZI

Tusidhani haya yameletwa na simu. Fungua Waraka wa Pili kwa Wathesalonike. Kanisa lile lilikuwa changa, na tayari walikuwapo waliosema kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, tena wakidai kwamba iko barua kutoka kwa Paulo inayosema hivyo. Paulo akakanusha. Sura inayofuata inawataja watu walioacha kufanya kazi wakawa wanazungukazunguka katika mambo ya wengine, na wafafanuzi wengi huyaunganisha mambo hayo mawili: ukiisha kuamini kwamba dunia inafungwa wiki ijayo, jembe la nini?

Kisa kingine kimeandikwa na Hippolytus, mwalimu wa kanisa wa mwanzoni mwa karne ya 3, katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Danieli. Anasema huko Shamu alikuwapo askofu mmoja aliyewatoa waumini wake pamoja na wake zao na watoto wao, akawapeleka jangwani ili wakamlaki Kristo. Wakatangatanga milimani, mpaka liwali wa nchi ile akawadhania kuwa ni wanyang'anyi na karibu atume askari kuwaangamiza. Waliokolewa na mwanamke. Mke wa liwali alikuwa mwamini, akamsihi mumewe, naye akatulia.

Hippolytus anaeleza pia juu ya askofu wa Ponto, mtu mcha Mungu na mnyenyekevu, ila alizitegemea ndoto zake kuliko Maandiko. Aliota ndoto ya kwanza, ya pili, ya tatu, akatangaza kwamba hukumu itakuja baada ya mwaka mmoja. Watu wakaacha mashamba. Wengi wakauza walichokuwa nacho. Mwaka ulipoisha bila kitu kutokea, waliokuwa wameuza mali zao walionekana wakiombaomba. Angalia kwamba askofu huyu hakuwa tapeli. Hilo tulishike, maana huwa tunadhani hatari iko kwa waongo peke yao. Mtu mnyofu anayeamini ndoto yake anaweza kukuingiza shimoni kwa machozi na maombi.

MKULIMA WA NEW YORK

Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha William Miller, mkulima wa jimbo la New York huko Marekani, aliyezaliwa mwaka 1782. Alikuwa amepigana vita, akarudi nyumbani na kuwa Mbaptisti, akaanza kusoma Biblia aya kwa aya. Alipofika Danieli 8:14 akasimama kwenye zile siku 2,300. Akasema siku moja ya unabii ni mwaka mmoja, kama inavyohesabiwa katika Hesabu 14 na Ezekieli 4. Akaanza kuhesabu kutoka mwaka 457 kabla ya Kristo, wakati mfalme Artashasta alipomruhusu Ezra kurudi Yerusalemu. Toa 457 kutoka 2,300, unabaki na 1843.

Hebu tazameni hesabu hiyo, akina mama. Kila hatua inaonekana ina aya yake. Ndivyo zilivyo karibu zote. Mhubiri anakupa aya ya kwanza, ya kweli. Anakupa ya pili, ya kweli. Lakini daraja kati ya aya na aya amelijenga mwenyewe, na huko ndiko tunakotumbukia. Nani alisema kwamba siku za Danieli lazima zigeuzwe miaka? Nani alisema zianze kuhesabiwa katika mwaka huo na si mwingine?

Miller alisema Bwana atakuja kati ya Machi 21, 1843 na Machi 21, 1844. Haikuwa. Watu wakarudi kwenye hesabu. Ikaonekana pia kwamba hakuna mwaka wa sifuri kati ya miaka ya kabla ya Kristo na ya baada yake, hivyo hesabu inaangukia 1844, si 1843. Ndipo mhubiri mwenzake, Samuel Snow, akaitaja siku yenyewe: Oktoba 22, 1844. Mwanzoni Miller alisita, mwishoni akakubali.

Waliomfuata wanakadiriwa kuwa kati ya watu 50,000 na 100,000. Wako walioacha mazao shambani bila kuvuna, wako waliofunga maduka. Usiku ule walikaa pamoja wakiimba na kuomba. Ikapita saa sita ya usiku, kukapambazuka. Mmoja wao, Hiram Edson, aliandika baadaye kwamba walilia mpaka alfajiri. Hadi leo siku hiyo inaitwa katika historia Masikitiko Makuu.

Nawafikiria wanawake wa nyumba zile asubuhi ya Oktoba 23. Vitabu vingi vinaeleza walivyosema wahubiri, vichache vinaeleza nani aliyeinuka kuwasha moto. Majira ya baridi yalikuwa yanakuja, viazi vya watu wengine vingali ardhini, na watoto walitaka kula. Majirani walikuwa wakipita na kuwauliza kwa dhihaka kama bado hawajaondoka.

Miller mwenyewe alikiri kwamba alikosea, akafa mwaka 1849 akiwa bado anamngoja Bwana. Kati ya waliobaki, wengine walirudi makanisani kwao, wengine waliacha imani kabisa, na wengine wakasoma upya na kusema tarehe ilikuwa sahihi ila tukio lilikuwa mbinguni. Kutoka kundi hilo likatokea Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863. Ni haki kusema kwamba ndugu zetu hawa hawafundishi tena tarehe yoyote. Badala yake walijenga shule na hospitali. Wengi wetu tunazifahamu, kama ile ya Kendu Bay nchini Kenya na ya Heri huko Kigoma. Mtu anayetegemea dunia kuisha Alhamisi hajengi wodi ya wazazi.

NYINGINE ZILIZOFUATA

Nitazipitia upesi, maana zinafanana. Charles Taze Russell, ambaye wafuasi wake baadaye waliitwa Mashahidi wa Yehova, aliutaja mwaka 1914. Vita Kuu ilikuja mwaka huo, lakini mwisho aliouhubiri haukuja. Mwaka 1988 Edgar Whisenant, aliyewahi kuwa mhandisi wa mambo ya anga huko Marekani, alitoa kijitabu chenye sababu 88 za kuthibitisha kwamba unyakuo utakuwa kati ya Septemba 11 na 13 mwaka huo. Mamilioni ya nakala zilisambazwa. Ulipopita, akaandika kingine, kwa mwaka 1989.

Huko Korea ya Kusini, Lee Jang-rim na kundi lake la Dami walihubiri unyakuo usiku wa manane wa Oktoba 28, 1992. Watu waliacha kazi, wakauza nyumba, watoto wakatolewa shule. Magazeti yaliripoti hata juu ya wanawake waliotoa mimba, wakiogopa kwamba watakuwa wazito mno kunyakuliwa. Nimefanya kazi wodi ya wazazi kwa miaka mingi, na habari hiyo sijaweza kuisoma mara mbili. Baada ya usiku ule Lee alifungwa kwa udanganyifu. Ilionekana mahakamani kwamba alikuwa amenunua hati za akiba ambazo zingekomaa mwaka 1993. Waumini waliambiwa wasiweke akiba, mchungaji aliweka.

Halafu Harold Camping wa California, mwenye vituo vya redio. Alisema Septemba 1994; haikuwa. Akasema Mei 21, 2011, na mabango yakasimamishwa barabarani katika nchi nyingi. Wako waliotoa akiba zao za uzeeni kulipia matangazo hayo. Siku ilipopita akasema hukumu imekuja kiroho, na mwisho wenyewe utakuwa Oktoba 21. Nao ukapita. Mwaka 2012 aliandika kwamba kutaja tarehe kulikuwa ni dhambi, akafa Desemba 2013. Namheshimu kwa kukiri. Lakini kukiri kwake hakukurudisha akiba ya mtu.

KANUNGU

Sasa tuje karibu. Wilaya ya Kanungu iko kusini magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Kongo. Huko kulikuwa na kundi lililojiita Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake walikuwa Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde, mwanamke aliyedai kutokewa na Bikira Maria, na padri mmoja, Dominic Kataribaabo. Wanachama wengi walikuwa Wakatoliki, na wengi wao wanawake na watoto.

Waliuza mali zao na kuzileta kwa viongozi. Mume na mke walitenganishwa. Watoto waliwekwa mbali na wazazi. Waliongea kwa ishara za mikono, wakiogopa kuvunja amri ya kutoshuhudia uongo. Nawaombeni mfikirie mama asiyeweza kumwita mtoto wake kwa jina. Waliambiwa kwamba dunia itaisha pamoja na mwaka 1999.

Januari Mosi 2000 jua likachomoza. Baadhi ya wanachama wakaanza kudai mali zao. Tarehe nyingine ikatajwa: Machi 17. Wakachinja ng'ombe, wakanunua kreti za soda, wakafanya karamu. Asubuhi ya Ijumaa hiyo waliingia katika jengo lao, madirisha na milango ikapigiliwa misumari, moto ukalipuka. Mwanzoni ilisemekana wamejiua. Lakini siku zilizofuata polisi walifukua makaburi ya siri katika maeneo mengine ya kundi hilo, Rugazi, Rutooma, Buhunga, hata Buziga jijini Kampala, wakakuta watu waliouawa kabla ya moto ule. Jumla ya waliokufa ilipita 700. Polisi wakatoa hati za kuwakamata viongozi kwa mauaji.

Katika kisa hiki liko jambo ambalo watu wengi hulipita. Hatari kubwa haikuwa siku ya tarehe yenyewe. Ilikuwa baada ya tarehe kupita, watu walipoanza kuuliza. Tukisikia kundi fulani limetaja siku, sisi hungoja ipite tuseme, "Si tuliwaambia?" Tukaenda zetu. Kumbe hapo ndipo wangehitaji mtu wa kuwagongea mlango.

SHAKAHOLA

Aprili 2023 dunia ilisikia jina la msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, nchini Kenya. Paul Mackenzie, aliyeanzisha kanisa lake la Good News International mwaka 2003 huko Malindi, alikuwa akihubiri dhidi ya shule na hospitali. Mwaka 2019 kanisa likafungwa, yeye akahamia msituni, na familia zikamfuata, zikagawiwa viwanja. Huko, kwa mujibu wa waendesha mashtaka, watu walihimizwa kufunga kula mpaka wafe ili wakamwone Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Walionusurika walieleza kwamba utaratibu ulikuwa watoto watangulie, kisha wanawake, kisha wanaume. Mackenzie alishtakiwa mwaka 2024 kwa makosa mbalimbali, akayakana.

Watoto watangulie. Kama muuguzi ni lazima niandike kidogo juu ya hili, hata kama linachoma.

Mtu mzima mwenye afya akinywa maji anaweza kukaa wiki kadhaa bila chakula. Mtoto mdogo hana akiba hiyo. Sukari iliyohifadhiwa katika ini lake ni kidogo na huisha upesi, mwili wake unapoteza joto, na maji yakikosekana hali huwa mbaya katika siku chache. Kwanza hulia. Kisha huacha kulia. Mama asiyejua, au aliyeambiwa na mchungaji wake, anaweza kudhani mtoto ametulia, Bwana amempa amani. Sivyo. Mtoto mwenye njaa kali aliyenyamaza ni mtoto anayekufa, na kila saa ina thamani.

Na ukimkuta mtu aliyekaa siku nyingi bila kula, usimwandalie sahani ya ugali na nyama kwa huruma. Chumvichumvi za damu hubadilika ghafla mwili unapopata chakula kingi kwa mara moja, na moyo unaweza kusimama. Mfunike apate joto. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe kidogo kidogo maji yenye sukari, na mkimbize hospitali. Huko watoto huanzishiwa maziwa maalumu kwa kiasi kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, kabla ya kufika kwenye chakula cha kawaida.

Mfungo wetu wa kawaida wa kanisa si huo, na siupigi vita. Lakini mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, na mtoto hawapaswi kuingizwa katika mfungo wa kukaa bila kula, na mchungaji mwenye busara atakuambia hivyo hivyo.

YALE MADOGO YASIYOTANGAZWA REDIONI

Kanungu na Shakahola ziliandikwa na magazeti. Mimi kwenye zahanati nakutana na yale yasiyoandikwa. Mama anaruka chanjo ya surua kwa sababu "Bwana yu karibu." Baba anaacha dawa za kifua kikuu mwezi wa tatu wakati matibabu ni ya miezi sita walau, anaonekana amepona, kikohozi kimekwisha, kisha vimelea vilivyobaki vinarudi vikiwa sugu na kuambukiza nyumba nzima. Dada anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI anaziweka madhabahuni kama ushuhuda, na baada ya muda virusi vinaongezeka tena mwilini mwake, pengine na katika mtoto anayemnyonyesha. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyekwenda msituni. Walibaki majumbani mwao, wakaimba kwaya Jumapili.

Ada ya shule nayo. Nimesikia wanaume wakisema, "Kidato cha nne cha nini, mtoto hatafika." Na kwa kawaida mtoto anayekatiziwa ni wa kike.

Halafu hofu. Mtoto wa miaka saba anayesikia kila jioni habari za dhiki kuu na alama ya mnyama hawezi kupambanua kama sisi. Anarudi kutoka shule, anakuta mlango wazi, sufuria iko motoni, mama hayupo. Mama ameenda kwa jirani kuomba chumvi. Mtoto anapiga yowe, anaamini mama amenyakuliwa, yeye ameachwa. Kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, kuumwa tumbo kila asubuhi, kukataa kulala peke yake: kabla hamjamfanyia maombi ya kumkemea pepo, jiulizeni ameonyeshwa filamu gani na ameambiwa nini. Mtoto huyo mweleze, kwa maneno ya umri wake, kwamba Yesu aliyewakumbatia watoto hawezi kumchukua mama na kumwacha yeye jikoni peke yake. Kisha mkumbatie. Filamu za kutisha ziondoke sebuleni.

MUME AKIAMINI TAREHE

Wako wanaoniuliza, "Mama, mimi siamini, lakini baba watoto ameshaamini. Nifanyeje?" Hili ni gumu, na siwezi kumwambia mtu amdharau mumewe. Lakini kumheshimu mume si kukaa kimya nyumba ikiuzwa.

Kwanza mali. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mume au mke kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Nchini Kenya iko sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 inayodai ridhaa hiyo hiyo. Mama anaweza kwenda ofisi ya ardhi akaweka zuio. Hiyo si kumshtaki mumeo. Ni kufunga mlango mbwa mwitu asiingie. Usiweke sahihi karatasi yoyote kanisani ambayo hujaisoma na mtu unayemwamini nje ya kundi hilo.

Kubishana juu ya unabii mezani hakusaidii sana. Atakuwa na aya nyingi kuliko wewe, maana amefundishwa kila usiku. Muulize maswali. Mchungaji ameuza nyumba yake? Watoto wake wameacha shule? Amesema atafanya nini kesho yake kama haikuwa? Mkisoma pamoja, someni Mathayo 24, Bwana mwenyewe anaposema kwamba siku ile hata Mwana haijui, ni Baba peke yake. Someni Matendo 1, mitume wanapouliza habari za wakati na kujibiwa kwamba si kazi yao kuzijua. Someni Yeremia 29: wako manabii waliowaambia watu uhamishoni kwamba watarudi upesi, naye Mungu akawaandikia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuzaa.

Yako mambo ambayo ukiyaona usingoje kikao cha kanisa. Mkiambiwa mkate mawasiliano na ndugu. Mkitenganishwa na watoto wenu. Dawa zikikusanywa. Mfungo usiokuwa na mwisho. Wito wa kuhama kwenda mahali ambapo hakuna anayewajua. Hapo wachukue watoto, nenda kwa wazazi au kwa mshenga wenu, kisha kwa mjumbe na ustawi wa jamii, na polisi ikibidi. Mke wa liwali hakungoja mumewe amuulize.

Na kama aliyeingia ni dada yako au rafiki yako, usikate kamba. Mpigie simu hata kama anakuhubiria dakika arobaini. Mwambie kitanda chake kipo. Tarehe ikipita, usiende kucheka, wala usipeleke mchungaji wa kumkemea mbele ya watu. Nenda wewe, na unga na mafuta ya taa, maana huenda ndani hakuna kitu. Aibu huwafanya watu warudi kwa yule yule aliyewadanganya, kwa sababu kule hakuna atakayewacheka.

Jambo la mwisho ni la kikazi. Akina mama wengi waliokosa kliniki kwa ajili ya mambo haya hawarudi, wanaogopa kugombezwa. Chanjo iliyokatizwa haianzwi upya. Tunaendelea pale ilipoishia. Dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi usizirudie mwenyewe nyumbani, njoo tupime kwanza. Mlete mtoto na kadi yake. Kama kadi ilichomwa, mlete bila kadi, tutaandika nyingine.